Elijah Masinde na vita vya kugombea maji na malisho ya Mlima Elgon

Mkazi wa Kitale akitaka kuutazama Mlima Elgon huelekeza macho magharibi. Yule wa Bungoma huyaelekeza kaskazini. Mlima ni ule ule, na maji wanayokunywa wawili hao aghalabu yameteremka kutoka huko huko juu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 40 watu wa pande hizo mbili walitenganishwa na mpaka uliochorwa na serikali ya kikoloni. Upande wa Kitale ulikuwa nchi ya walowezi wa Kizungu. Upande wa Bungoma ulikuwa nchi waliyotengewa wenyeji. Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, alizaliwa upande wa wenyeji na akatumia umri wake wote kuukana mpaka huo.

Vijana wa leo wengi humchanganya mzee huyu na Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki 1992, ambaye chuo kikuu kilichoko Kakamega kinaitwa kwa jina lake. Wote wawili walikuwa Wabukusu, wote wawili walitoka pande za Kimilili, na wote wawili waliitia tumbojoto serikali kwa wakati wake. Lakini Muliro alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi na shahada, akaingia Bunge. Elijah alipanda mlima akaomba. Ni huyo wa pili tunayemsimulia hapa.

Alizaliwa kati ya 1910 na 1912. Waliomzaa hawakuandika tarehe, kwani miaka siku hizo ilihesabiwa kwa rika za tohara, njaa na vita. Ili msomaji amwelewe mtu huyu, hana budi kwanza kuielewa nchi iliyomlea, na nchi hiyo ni mlima.

Elgon ni volkano iliyozimika zamani za kale. Kilele chake kirefu kabisa, Wagagai, kiko upande wa Uganda nacho kina urefu wa mita 4,321. Upande wa Kenya kilele cha Koitobos kinafikia mita 4,222. Huko juu kuna kasoko pana mno, na karibu na bonde linalotokea mto Suam mna chemchemi za maji moto. Chini ya vilele hivyo hakuna msitu bali nyika ya baridi, yenye nyasi ngumu, mimea mirefu isiyoonekana mahali pengine ila juu ya milima ya Afrika Mashariki, na ukungu unaoanguka adhuhuri kama pazia. Mahindi hayaoti hapo. Kondoo na ng'ombe, lakini, hupata malisho, na watu waliouzoea mlima wamewachunga huko kwa vizazi vingi.

Mvua inayonyesha juu ya nyika hiyo haikimbilii upande mmoja. Mto Suam huzunguka kaskazini, ukageuka kuitwa Turkwel, ukavuka ardhi kame ya Wapokot na Waturkana hadi Ziwa Turkana. Vijito vya kusini kama Kuywa, Kibisi na Kimilili humimina maji yake katika mto Nzoia, nao Nzoia huenda Ziwa Victoria kupitia maporomoko ya Webuye, ambayo Wazungu waliyaita Broderick Falls. Malakisi na Lwakhakha huelekea Uganda, kwenye Ziwa Kyoga. Kwa hiyo mtu mmoja akisimama juu ya Elgon amesimama kwenye paa la nyumba ambayo michirizi yake hunywesha mataifa mawili. Siku hizi wataalamu wa mazingira huuhesabu miongoni mwa minara mitano ya maji ya Kenya, pamoja na Cherangani, Mau, Aberdare na Mlima Kenya.

Mlima una chumvi pia. Katika mapango kama Kitum na Making'eny, kuta zina madini ya chumvi ambayo ndovu huyafuata gizani usiku na kuyakwangua kwa pembe zao. Wafugaji nao waliyajua mapango hayo kabla ya msafiri yeyote wa Ulaya. Mskoti Joseph Thomson alipofika Elgon mwishoni mwa 1883 aliwakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao, mahali ambapo adui hakuweza kuwafikia kwa urahisi. Watu hao ni Wakony, mojawapo ya makundi ambayo leo huitwa Wasabaot, na ndio walioupa mlima jina unalojulikana nalo duniani. Wabukusu na ndugu zao Wagisu wa Uganda wao huuita Masaba, kwa jina la babu yao.

Kwa Wabukusu maji hayakuwa kitu cha kunywa na kufulia tu. Mvulana anayekwenda kutahiriwa, mwezi Agosti wa mwaka wa tohara, hupelekwa mtoni alfajiri na mapema, akapakwa matope baridi mwili mzima, kisha akarudishwa mbio nyumbani kuukabili wembe. Kondoo naye alikuwa na kazi yake: palipokuwa na uchafu wa kiroho, kifo kibaya au ugomvi wa damu, ndiye mnyama wa kutakasa. Mtu aliyenyimwa mto na kundi la mifugo hakuwa amepunguziwa mali peke yake. Alikuwa amekatiwa njia ya kuwafikia waliomtangulia.

Masinde alikua akisikia habari za vita vya 1895. Mwaka huo, Charles Hobley, afisa wa Uingereza aliyekuwa na kituo chake Mumias, aliongoza jeshi lenye bunduki na wapiganaji wengi wa kukodiwa dhidi ya Wabukusu, ambao wakati huo waliitwa Kitosh. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha ile ya Chetambe, iliyokuwa juu ya ukingo unaotazamana na Webuye ya leo. Ngome za aina hiyo zilizungushiwa handaki na ukuta wa udongo, na ndani yake waliingia watu na mifugo pamoja. Wengi waliuawa, na mifugo ikatekwa. Hakukuwa na mzee wa Kimilili ambaye hakupoteza jamaa au ng'ombe katika vita hivyo, na simulizi zake zilirithiwa kama mali.

Baada ya bunduki ulikuja utawala, na utawala haukuja kwa sura ya Mzungu peke yake. Waingereza walimpa Nabongo Mumia wa Wawanga mamlaka makubwa juu ya jirani zake, na nduguye, Murunga, akawekwa kuwa chifu wa Wabukusu wa kaskazini, akiwa na makao yake Kimilili. Watu walitozwa kodi, wakatolewa kwa nguvu kulima barabara, na wakaamriwa na mtu asiyekuwa wa kwao. Chuki hiyo ilikuwa bado mbichi Masinde alipokuwa kijana.

Hata hivyo, hakuanza maisha kama mwasi. Alisoma kidogo katika shule za wamisionari wa Friends, wale wanaojulikana kama Quaker, akabatizwa jina la Elijah, na akawa mchezaji hodari wa kandanda. Aliongoza timu ya Kimilili, na mnamo 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika mashindano ya Kombe la Gossage. Jambo hili husahauliwa na wanaomchora kama mzee wa mizimu tangu kuzaliwa. Baadaye aliajiriwa na baraza la mahakama ya wenyeji huko Kimilili, kazi yake ikiwa ni kuwapelekea watu hati za kuitwa shaurini. Kwa miguu yake mwenyewe alifika nyumba hadi nyumba akiwa mjumbe wa serikali, na bila shaka ni katika kazi hiyo alipojionea kwa macho mashauri ya ardhi, ya mipaka na ya mifugo yaliyokuwa yakiwasumbua majirani zake.

Kanisa lilikuwa la kwanza kuachana naye. Alipooa mke wa pili, Wafriends walimtenga. Kwa wamisionari hilo lilikuwa suala la maadili. Kwa Masinde lilikuwa ushahidi kwamba imani ya wageni haikuwa na nafasi kwa mtu aliyetaka kuishi kama baba yake. Kuanzia hapo alianza kuhubiri kwamba Wele, Mungu wa Wabukusu, alikuwa amewapa watu weusi njia yao wenyewe ya kumwabudu kupitia msambwa, yaani mapokeo na roho za mababu. Mlima Elgon ndio uliokuwa hekalu lake. Wafuasi waliosoma Biblia mikononi mwa wamisionari waliupa jina walilolikuta humo: Sayuni.

Sasa tuuvuke mpaka twende Kitale, kwa sababu chanzo cha ugomvi kilikuwa huko.

Nyanda za Trans Nzoia, kati ya Elgon na Cherangani, zilianza kugawiwa Wazungu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilipokwisha, mnamo 1919, serikali ilifungua mpango wa kuwapa ardhi askari waliostaafu, na mashamba makubwa yakakatwa hadi miguuni mwa mlima, Endebess na kwingineko. Mji wa Kitale ulikua kuwahudumia watu hao, na reli ikawafikia 1926. Walijaribu katani ya kitani wakaanguka bei iliposhuka, wakapanda kahawa kwenye miteremko, kisha wakatulia kwenye mahindi na mifugo ya kigeni. Ndoto ya kufuga kondoo wa sufu katika nyanda za juu za Kenya ilikuwa imeanzishwa na Lord Delamere huko Njoro, ambaye mwanzoni mwa karne hiyo aliagiza kondoo wa merino kutoka New Zealand na kuwaona wengi wao wakifa kwenye nyasi zilizokosa madini. Alijifunza kwa hasara kile ambacho Wamaasai waliokuwa wakiipita ardhi hiyo pasi na kulisha walikijua bila gharama. Walowezi waliofika Kitale baadaye walikuwa na bahati ya ardhi nzuri zaidi, yenye mito isiyokauka.

Mito hiyo ndiyo iliyofanya mashamba yapendeke, na ndiyo iliyowaumiza waliotangulia kuwa hapo. Wakony waliokuwa wakichunga nyanda hizo walisukumwa juu. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitoka 1934, iliyakubali kwa sehemu malalamiko yao, na nyika ya Chepkitale iliyoko juu ya msitu ikatengwa kuwa malisho yao. Fidia yenyewe ilikuwa ya ajabu: aliyepokonywa bonde lenye joto na udongo mweusi alikabidhiwa kilele chenye baridi kali.

Wabukusu nao waliingia Trans Nzoia kwa mlango mwingine, ule wa kibarua. Walihamia mashamba ya Wazungu pamoja na wake, watoto na mifugo, wakafanya kazi kwa siku kadhaa za mwaka, na badala yake wakaruhusiwa kulima kipande na kulisha wanyama wao. Waliitwa maskwota. Kwa wengi wao huku hakukuwa ugenini; waliamini wanaishi katika ardhi ya mababu chini ya mpangaji aliyejifanya mwenyeji. Mwanzoni mpango huo uliwafaa wote wawili, kwani mlowezi hakuwa na fedha za kulipa mishahara minono na mwenyeji alihitaji nyasi na maji.

Mambo yaligeuka mlowezi alipopata nguvu. Sheria ya 1937 kuhusu vibarua waliokaa mashambani ilizipa halmashauri za walowezi uwezo wa kupunguza mifugo ya maskwota na kuongeza siku za kazi. Hoja iliyotolewa ilikuwa maradhi: kwamba ng'ombe na kondoo wa wenyeji huambukiza wale wa kigeni. Haikuwa hoja ya uongo mtupu, kwa maana homa ya kupe ilikuwa kweli ikiua mifugo. Lakini dawa iliyochaguliwa haikuwa kumjengea skwota josho. Ilikuwa kumwondolea mifugo, abaki na mikono yake tu. Familia zilizokuwa na makundi zililazimika kuuza kwa bei ya kutupa au kurudi Kimilili na Malakisi, ambako ardhi ilikuwa tayari imejaa watu.

Hao ndio waliomsikiliza Masinde. Wako wanaosema kwamba aliwavuta kwa miujiza, na simulizi za miujiza yake hazina idadi. Mimi naona kwamba mtu aliyefukuzwa shambani na kondoo wake kumi hahitaji muujiza ili amwamini anayemwambia mlima ni wake.

Mwaka 1944, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilikuwa ikiwasaka vijana kwa kazi za lazima, na maafisa wa kilimo wakiwaamrisha watu kung'oa magugu na kuchimba makinga maji kwa amri. Masinde alikataa, akawahimiza wengine wakatae, na akapambana na watumishi wa chifu waliotumwa kwake. Alishtakiwa na kufungwa. Mnamo 1945 wakuu waliamua kwamba mtu wa namna hiyo hana akili timamu, wakampeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi. Alikaa huko hadi 1947. Serikali iliyoshindwa kumjibu mtu ilimpatia daktari. Na alipotoka, wafuasi wake hawakumwona kama mgonjwa aliyepona bali kama nabii ambaye hata nyumba ya wazimu haikumuweza.

Mnamo Septemba 1947 aliwaongoza maelfu ya watu kwenda Chetambe. Walikuwa wamepita miaka 52 tangu ngome ile ianguke, na hakuna aliyekuwa ameruhusiwa kuwaomboleza hadharani waliokufa humo. Waliomba, wakatoa kafara, wakawaita mababu. Hakuna risasi iliyofyatuliwa siku hiyo, lakini nadhani hakuna siku iliyowatisha wakuu wa wilaya kuliko hiyo. Kaburi lililosahauliwa lilikuwa limegeuzwa kuwa hati ya ardhi.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya moto kwa maana zote. Katika mashamba ya Trans Nzoia vibarua waligoma, majengo yakateketezwa usiku, na walowezi wakaanza kulala na bunduki kando ya kitanda. Wafuasi walipanda mlimani kuomba. Masinde mwenyewe alitafutwa na polisi, naye akajificha katika nchi aliyoijua, nchi ya mapango na misitu, ambako askari wa kutoka mbali hawakujua mto upi unavukika na upi hauvukiki.

Februari 1948 umati wa waumini uliandamana hadi misheni ya Kikatoliki ya Kibuk, ukiwataka mapadri waondoke. Siku tatu baadaye, tarehe 10, umati mwingine ulikusanyika Malakisi, na polisi wakafyatua risasi. Watu 11 waliuawa na wengine wakajeruhiwa. Kabla ya mwezi kwisha Masinde alikuwa amekamatwa, na Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku.

Safari hii hawakumpeleka hospitali. Walimpeleka Lamu. Ni vigumu kuwaza mahali palipo tofauti zaidi na Kimilili. Mtu aliyelelewa kati ya mito ya baridi aliwekwa kwenye kisiwa cha joto na chumvi, ambacho maji yake matamu hutoka katika visima vya mchanga wa Shela, na ambacho upeo wake wote ni bahari. Hakuna kilima cha kupanda. Alikaa uhamishoni kwa zaidi ya miaka 10, akiwa mbali na wakeze na wanawe, wakati nchi nzima ikipitia vita vya Mau Mau, hali ya hatari na mazungumzo ya Lancaster House.

Dini yenyewe haikufa kwa kukosekana kwake. Iliwafikia Wapokot kupitia Lukas Pkech, aliyefungwa kwa ajili ya imani hiyo kisha akatoroka. Tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa katika Baringo, kundi lake lilikutana na maafisa wa serikali na askari wao. Maafisa watatu wa Kizungu waliuawa, pamoja na Pkech mwenyewe na wafuasi wake wengi. Baada ya hapo Wapokot walitozwa faini ya maelfu ya ng'ombe, wakiwemo wale ambao hawakuwa wamewahi kumsikia Pkech. Kwa mara nyingine tena, dhambi ya kuomba ililipwa kwa mifugo.

Masinde alirejea nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Uhuru ulikuwa umekaribia. Angekuwa mtu wa kawaida, hapa ndipo hadithi ingetulia: shujaa amerudi, mkoloni anafunga virago, mzee anapewa kiti cha mbele. Serikali mpya iliiruhusu Dini ya Msambwa isajiliwe 1964. Amani hiyo haikudumu hata miaka mitano.

Sababu ilikuwa ile ile, ardhi. Mashamba ya Wazungu yalinunuliwa kwa mikopo kutoka Uingereza na kwingineko, kisha yakauzwa kwa Waafrika kwa masharti ya kulipa polepole. Mengine makubwa yaliyozunguka Kitale na Endebess yalibaki mazima, yakaangukia mikononi mwa watu wenye uwezo au Shirika la Ustawi wa Kilimo, ADC, lililoundwa 1965. Mashamba ya shirika hilo kama Chorlim na Namandala yangali yanajulikana kwa mbegu na mifugo bora. Kwa mipango ya serikali hilo lilikuwa jambo la busara, kwani nchi ilihitaji mbegu za mahindi na fahali wa kuzalisha. Kwa skwota aliyekuwa amengoja tangu 1937, aliona tu kwamba waya wa seng'enge umebaki palepale na kondoo wa mtu mwingine wangali wakinywa katika mto wake. Masinde hakuelewa, au hakutaka kuelewa, kwa nini mtu anunue kilichoibwa kwake. Alisema hivyo kila mahali, na aliwasema viongozi wa Kiafrika kwa ukali ule ule aliowasema Wazungu.

Kwa upande mwingine, kulikuwa na mpaka mpya. Mikoa ilipogawanywa kuelekea Uhuru, Bungoma iliwekwa Mkoa wa Magharibi na Trans Nzoia, pamoja na Kitale, ikabaki Bonde la Ufa. Wanasiasa wa KADU walikuwa wameligombania jambo hilo kwa muda, na Masinde Muliro alikuwa mmoja wao. Mpaka aliouchora Mwingereza kati ya mashamba na rizavu ukawa mpaka wa mikoa ya Kenya huru.

Mnamo 1968 serikali ya Rais Jomo Kenyatta iliipiga Dini ya Msambwa marufuku kwa mara ya pili. Masinde aliingia na kutoka jela kwa miaka mingi, akifungwa na watu ambao nao walikuwa wamefungwa na mkoloni yule yule. Aliachiliwa baada ya Rais Daniel arap Moi kushika hatamu 1978, lakini hakuwahi kuwa mtu wa kuachwa bila kutazamwa. Alifariki 1987 na kuzikwa nyumbani kwake pande za Kimilili.

Si haki kumsifu bila kusema mabaya yake. Mahubiri yake dhidi ya shule na hospitali za wageni yaliwagharimu baadhi ya watoto wa wafuasi wake nafasi ambayo majirani waliitumia. Waliokataa kujiunga na dini yake walitishwa, na moto uliowashwa usiku haukuchagua daima nyumba ya mkosaji. Tena aliudai mlima kama kwamba una mwenyewe mmoja. Wasabaot, ambao jina lao limo katika jina la mlima wenyewe, walikuwa na madai yao, makongwe na yenye uzito, na hakuna siku Masinde aliyatolea jibu la kutosheleza. Katika Uhuru wa baadaye, madai hayo mawili yaligongana kwa damu. Mapigano ya miaka ya mwanzo ya 1990 yaliwafukuza maelfu ya watu kutoka Bungoma na Trans Nzoia.

Hata miongoni mwa Wasabaot wenyewe mlima umekuwa chanzo cha msiba. Mwaka 1971 serikali ilianza kuwahamisha wachungaji wa Chepkitale, walioishi na ng'ombe na kondoo wao kwenye ile nyika ya juu, ili wakalime Chepyuk, chini ya msitu. Ugawaji wa viwanja vya Chepyuk ulivurugika kwa miaka zaidi ya 30, na kuanzia 2006 hadi 2008 kundi lenye silaha lililojiita Sabaot Land Defence Force liliua, kukata masikio na kuwachangisha watu kwa nguvu, hadi jeshi lilipotumwa Machi 2008, nalo likashutumiwa kwa utesaji. Kabla ya hapo, mnamo 2000, Chepkitale ilikuwa imetangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na wafugaji waliobaki huko wakageuka wavamizi kwa karatasi. Waliyaendea mahakama. Mnamo Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Bungoma iliamua kwamba ardhi hiyo ni ya jamii ya Waogiek wa Chepkitale.

Wazee wa Dini ya Msambwa wangalipo, ingawa si wengi. Chetambe ni mahali pa kumbukumbu, na handaki la ngome bado linaonekana kwa anayejua pa kutazama, limefunikwa nyasi. Chini yake Nzoia inapita, ikielekea ziwani.